Mesopotamia ya kale: maswali kuhusu miungu yake, miji yake na watu wake

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi, kwa wasomaji wa Biblia na Kurani, na kwa vijana walioangalia video za usiku wa manane kuhusu Anunnaki, kundi la miungu wa kale. Yenye uhondo nimeyajibu kwa kirefu. Mengine mistari miwili inayatosha.

Mesopotamia ni wapi hasa?

Ni nchi iliyo baina ya mito miwili, Hidekeli na Frati, ambayo Waarabu huiita Dijla na Furat. Jina ni la Kigiriki na maana yake ndiyo hiyo hiyo: kati ya mito. Leo sehemu kubwa imo Iraki, na vipande vingine viko Syria na Uturuki. Wenyeji hawakuwa na jina moja la nchi nzima. Kusini kabisa, kwenye vinamasi, palikuwa Sumeri. Juu yake kidogo Akadi. Kaskazini, pande za Mosul ya leo, Ashuru. Na tusiseme kana kwamba walikuwa watu wa zama moja. Hammurabi alipokalia kiti cha Babeli, mwaka 1792 KK, mahekalu ya kwanza ya mji wa Uruk yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000.

Mimi Mswahili, yananihusu nini haya?

Fungua kinywa tu. Ukisema *hekalu* umetamka Kisumeri. Wao waliita jumba la mfalme *e-gal*, yaani nyumba kubwa. Waakadi wakalichukua wakasema *ekallu*, likapita kwa Waaramu na Waebrania, Waarabu wakasema *haykal*, nasi tukalipokea pwani. Lugha ambayo haina ndugu hata mmoja duniani, iliyokoma kuzungumzwa kama miaka 4,000 iliyopita, bado ina neno lake kwenye Biblia ya Kiswahili.

*Maskini* naye ni wa huko. Kwa Kiakadi *mushkenu* alikuwa mtu wa chini, si mtumwa wala si mwungwana. Kiarabu kikamfanya *miskin*. *Kibiriti* kilikuwa *kibritu*, jiwe la manjano linalowaka. *Tanuri* lilikuwa *tinuru*, na kazi yake ilikuwa ileile ya kuoka mkate. *Simsim*, ambayo Watanzania wengi huiita ufuta, inatokana na *shamashshammu*, zao lililowapa watu wa Babeli mafuta ya kula na ya taa. Hata *tarjuma* ina babu yake huko, *targumannu*, mkalimani. Maneno haya yalisafiri kwa njia ya Kiarabu, hatukuyapokea mkono kwa mkono. Lakini yamefika.

Walikuwa na miungu mingapi?

Orodha moja ya kale, inayoanza na mungu An, ina majina karibu 2,000. Usiogope. Mengi ni lakabu, watoto, wapishi na mabawabu wa miungu wakubwa. Wa kukumbuka ni wachache.

An ni mbingu yenyewe, mzee wa mbali asiyeshughulika sana. Enlil wa mji wa Nippur ndiye mwenye amri, na hasira zake ziko karibu. Enki wa Eridu, ambaye Waakadi walimwita Ea, anakaa kwenye maji matamu ya chini ya ardhi. Ndiye fundi na mjanja wao, anayewatoa wanadamu kwenye mashaka kwa kupindisha maneno. Nanna wa Uru ni mwezi. Utu, kwa Kiakadi Shamash, ni jua, na kwa kuwa jua huona kila kitu, yeye ndiye hakimu. Inanna wa Uruk nitamfikia.

Kila mji ulikuwa milki ya mungu wake, na mji ukipanda cheo mungu naye hupanda. Marduk alikuwa mungu mdogo wa mji mdogo mpaka Babeli ilipokuwa dola. Ndipo utenzi wa mabamba saba ya udongo, *Enuma Elish*, ukamsifu kwamba ndiye aliyemuua Tiamat, bahari, akampasua vipande viwili na kutandaza mbingu kwa kipande kimoja. Waashuru walipopata nguvu, katika nakala zao waliweka jina la mungu wao Ashur mahali pa Marduk. Siasa za dini si jambo la leo.

Kweli waliamini sanamu ni mungu?

Hapa watu hucheka upesi mno. Sanamu ilichongwa kwa mti, ikavikwa dhahabu na mavazi, na kila mtu alijua fundi gani kaichonga. Ndiyo maana palikuwa na ibada ndefu ya kuiosha kinywa, iliyoanzia karakana, ikaenda bustanini kando ya mto, ikaishia hekaluni. Katikati ya ibada hiyo mafundi walifungwa mikono kwa kitambaa, kisha ikagongwa kwa upanga wa mti wa mkwaju-mwitu kana kwamba inakatwa. Kila mmoja akaapa kwamba si yeye aliyeitengeneza, bali ni mungu wa ufundi wake. Baada ya hapo kinywa kimefunguka na mungu amehamia.

Mungu aliyehamia anahudumiwa kama sultani. Anaogeshwa, anavikwa, anapigiwa kinubi. Maandishi ya Uruk ya zama za mwisho yanaeleza milo minne kwa siku, miwili asubuhi na miwili jioni, na masalio ya meza yakapelekwa kwa mfalme. Na mji ukishindwa vitani, mungu hutekwa. Wahiti walimchukua Marduk walipoipora Babeli, na Sennakeribu wa Ashuru alipouvunja mji huo mwaka 689 KK, miungu yake haikusalimika. Watu wa Babeli hawakusema mungu wao ameshindwa. Walisema amekasirika, akaondoka mwenyewe.

Ni kweli mfalme alizabwa kofi?

Kweli. Kwenye sikukuu ya mwaka mpya, Akitu, kuhani mkuu alimvua mfalme wa Babeli alama za enzi, akamzaba kofi, akamvuta masikio na kumpigisha magoti mbele ya Marduk, aape kwamba hakuutendea mji ubaya. Kisha akarudishiwa vitu vyake, akapigwa kofi la pili. Machozi yakimtoka, Marduk ameridhika. Macho yakibaki makavu, adui anakuja.

Inanna na Ishtar ni mmoja?

Inanna ni jina la Kisumeri, Ishtar la Kiakadi, na kwa karne nyingi walihesabiwa kuwa mmoja. Ana mapenzi na vita mkono mmoja, na nyota yake ni Zuhura, inayoonekana mara asubuhi, mara jioni. Kisa chake kikubwa ni safari ya kwenda kuzimu kwa dada yake Ereshkigal. Kwenye malango saba anavuliwa kitu kimoja kimoja: taji, shanga, vazi, mpaka anafika uchi, anauawa na kutundikwa ndoana kama nyama buchani. Akirudishiwa uhai lazima atoe mtu badala yake. Anamkuta mumewe Dumuzi kavaa vizuri, kakaa kwenye kiti, wala hana habari ya matanga. Basi anamtoa yeye.

Dumuzi huyo ndiye Tamuzi ambaye Ezekieli aliwaona wanawake wakimlilia kwenye lango la hekalu la Yerusalemu (Ezekieli 8:14). Mpaka leo Wairaki huuita mwezi wa Julai Tammuz.

Wao walisema mwanadamu aliumbwa kwa nini?

Kwa sababu miungu wadogo waligoma. Utenzi wa Atrahasis unasema wao ndio waliokuwa wakichimba mifereji, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka wakachoma vifaa vyao na kuizingira nyumba ya Enlil usiku. Suluhisho likawa kuumba kiumbe cha kubeba kazi: udongo ukachanganywa na damu ya mungu aliyechinjwa. Tatizo ni kwamba wanadamu waliongezeka, wakapiga kelele, na Enlil akakosa usingizi.

Mtu aliyewahi kuishi tambarare ya Basra haoni ajabu. Mvua hakuna ya kutegemea. Bila mfereji hakuna shayiri, na mfereji hujaa tope kila mwaka. Walichowabebesha miungu ndicho walichokifanya wenyewe kila msimu.

Gharika ya Gilgamesh na ya Nuhu ni kisa kimoja?

Ni ndugu wa karibu, na aliyegundua undugu huo ni George Smith, fundi wa kuchonga mabamba ya kuchapia noti, ambaye alijifunza mwandiko wa Babeli kwa kwenda Jumba la Makumbusho la Uingereza wakati wa mapumziko ya kazi. Mwaka 1872 alikuwa akisoma vigae vya udongo vyenye maandishi kutoka maktaba ya mfalme Ashurbanipali wa Ninawi, akakuta jahazi lililokwama mlimani na njiwa aliyetumwa akarudi. Inasimuliwa kwamba furaha ilimzidi akaanza kuvua nguo mle chumbani.

Katika kigae hicho, bamba la 11 la utenzi wa Gilgamesh, mfalme wa Uruk, Utnapishtim, ndiye Nuhu wa kisa hicho, anaonywa na Ea. Ea ameapa asiwaambie wanadamu siri, basi anauambia ukuta wa matete, na mtu yuko nyuma ya ukuta. Baada ya gharika anatumwa njiwa, kisha mbayuwayu, kisha kunguru asiyerudi. Kuna jambo moja ambalo Mwanzo halina: miungu, waliokuwa na njaa kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwatolea sadaka, wanausikia moshi na kuizonga kama nzi.

Mwenye kuamini kwamba gharika ilitokea kweli ataona hapa ushahidi wa pili. Mwenye shaka ataona hadithi iliyohama. Vigae havikati shauri hilo, ila vya Atrahasis, vya karne ya 17 KK, ni vikongwe kuliko nakala yoyote tuliyonayo ya Mwanzo.

Anunnaki walitoka sayari nyingine?

La. Neno hilo linahusu uzao wa kifalme, na ni jina la jumla la kundi la miungu wakubwa. Zama za baadaye, hasa wale wa kuzimu. Habari kwamba walitoka sayari nyingine kuja kutafuta dhahabu zilianza kuuzwa kwenye vitabu vya miaka ya 1970. Hakuna kigae chenye kisa hicho.

Wasumeri walikuwa Waafrika?

Walijiita *sag-giga*, wenye vichwa vyeusi, na hapo ndipo swali linapoanzia. Jina hilo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni nywele. Lugha yao haina udugu na Kibantu wala na lugha nyingine yoyote inayojulikana. Tuna fahari zetu za kutosha. Hatuna haja ya kuazima ya Uruk.

Zigurati ni sawa na piramidi?

Piramidi ni kaburi. Zigurati ni mlima wa matofali uliojengwa kwa ngazi, na juu yake hekalu dogo. Ya Uru, iliyoanzwa na mfalme Ur-Nammu karibu 2100 KK, bado imesimama, ingawa imekarabatiwa. Ndani ni matofali mabichi, nje ni ya kuchoma yaliyounganishwa kwa lami, na kutani kuna matundu ya kutolea unyevu.

Ya Babeli, Etemenanki, ilikuwa na kitako cha kama mita 91 kila upande. Hiyo ndiyo inayodhaniwa kuwa nyuma ya kisa cha mnara wa Babeli. Soma tena Mwanzo 11:3 uone mwandishi anavyowaeleza watu waliozoea mawe na chokaa kwamba kule walijenga kwa matofali na lami. Alijua alichokuwa akisema. Babeli hiyohiyo imetajwa pia katika Al-Baqara, aya ya 102, pamoja na Haruti na Maruti.

Na bustani zinazoning'inia?

Wajerumani chini ya Robert Koldewey walichimba Babeli kutoka 1899 hadi 1917, na mfalme wake Nebukadneza, anayesemekana kuzijenga bustani hizo, alipenda sana kuandika alichojenga. Lakini katika maandishi yake yote hakuna bustani hiyo. Wapo wanaosema ilikuwa Ninawi.

Waliandika kwa nini, na juu ya nini?

Kwa sababu ya hesabu za ghala. Vibao vya kwanza kutoka Uruk, kama 3300 KK, ni shayiri, kondoo na pombe. Udongo mbichi wa mto ulibonyezwa kwa ncha ya tete, alama ikatoka kama kabari. Ndiyo sababu ya jina mwandiko wa kikabari. Karatasi huoza, udongo hauozi, na jumba likiungua vibao huchomeka na kuwa vigumu zaidi. Moto ulioangamiza Ninawi mwaka 612 KK ulisaidia kuitunza maktaba yake.

Hesabu zao zilikwenda kwa sitini sitini. Ukitazama saa yako na kuona dakika 60, hiyo ni ya Babeli.

Shule zao zilikuwaje?

Kama zile tulizosoma wengi wetu. Shule iliitwa *edubba*, nyumba ya vibao. Kuna kisa cha Kisumeri, cha miaka karibu 4,000 iliyopita, cha kijana anayeamka asubuhi na kumhimiza mama yake ampe chakula asije akachelewa. Anafika amechelewa. Anachapwa. Anachapwa kwa kuzungumza, anachapwa kwa kusimama, anachapwa kwa kutoka langoni, anachapwa kwa mwandiko mbaya. Na msimamizi wa lugha anamchapa kwa kutosema Kisumeri, wakati ambapo nyumbani hakuna mtu anayekisema tena! Aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama atamwelewa mtoto huyu bila mkalimani.

Kinachofuata nacho si kigeni. Baba anamwalika mwalimu nyumbani, anamketisha mahali pa heshima, anamlisha, anamvika nguo mpya na pete. Mwalimu akishiba anagundua kwamba kijana ana kipaji kikubwa.

Ea-nasir ni nani, mbona anachekwa mitandaoni?

Alikuwa mfanyabiashara wa shaba mjini Uru, karibu 1750 KK. Mteja wake Nanni alimwandikia barua ya malalamiko kwenye kigae cha urefu wa sentimita 11 na nusu hivi, kinachoenea kiganjani, kimejaa maandishi mbele na nyuma. Ulisema utanipa mikuo mizuri ya shaba, anasema Nanni, kisha ukamwekea mjumbe wangu mibovu, ukamwambia akitaka achukue, hataki aende zake. Watu wangu wamepita nchi ya adui wakarudi mikono mitupu. Wanionaje mimi? Yote haya kwa deni la mina moja ya fedha, kama nusu kilo! Tangu leo, anamaliza, nitachagua mikuo mmoja mmoja uani kwangu.

Barua hiyo na nyingine za kumlalamikia zilipatikana kwenye nyumba inayodhaniwa kuwa yake. Jamaa alikuwa akizitunza.

Sheria za Hammurabi zilikuwa za haki?

Zimeandikwa kwenye jiwe la urefu wa mita 2.25, vifungu kama 282. Lilipatikana Susa, Uajemi, mwaka 1901, lilikokuwa limepelekwa kama ngawira, na sasa liko Louvre. Jicho kwa jicho limo, lakini kwa waungwana wao kwa wao. Ukimtoboa jicho yule *mushkenu*, maskini wetu, unalipa mina moja ya fedha. Mtumwa ni nusu ya bei yake, na anayelipwa ni bwana wake. Mwashi aliyejenga nyumba ikaanguka ikamuua mwenye nyumba, naye huuawa. Ikimuua mtoto wa mwenye nyumba, anauawa mtoto wa mwashi. Jambo la ajabu ni kwamba katika kesi nyingi zilizobaki kwenye vigae, mahakimu hawalitaji jiwe hilo kabisa. Na si sheria za kwanza: za Ur-Nammu zimelitangulia kwa karne tatu.

Waliamini nini kuhusu kufa?

Hakuna pepo. Wema na waovu wote huenda penye giza, chakula chao vumbi, mavazi yao manyoya kama ndege. Hali ya marehemu ilitegemea walio hai: wakifanya tambiko la *kispu*, kumwaga maji na kutoa chakula, atatulia, wakimsahau, atarudi kuwasumbua. Makaburi ya kifalme ya Uru, yaliyochimbwa na Leonard Woolley miaka ya 1920, yana fumbo lake: shimo moja lilikuwa na watu 74 waliomfuata mkubwa wao, karibu wote wanawake, wamevaa mapambo ya dhahabu, akiki na jiwe la buluu kutoka milima ya Afghanistan. Mmoja alikuwa na utepe wake wa fedha umekunjwa, hakuwahi kuuvaa.

Je, ni dhambi kusoma habari za miungu hii?

Manabii walizijua vizuri, la sivyo wasingeweza kuzipinga. Kwa fatwa mwulize shehe wako au mchungaji wako.

Walipotelea wapi?

Hawakupotea siku moja. Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliichukua Babeli mwaka 539 KK bila kuivunja, na makuhani wakaendelea kuandika nyota kwa kikabari mpaka karne ya kwanza BK. Mito ilihama, Uru, uliokuwa karibu na bahari, ukabaki jangwani. Mashamba yaliyomwagiliwa mno yalitoa chumvi. Ardhi hiyohiyo ya kusini ndiko, kutoka 869 hadi 883, watumwa waliofanyishwa kazi ya kukwangua chumvi waliasi dhidi ya utawala wa Abbasi, na wanahistoria wakawaita Zanji, jina lilelile walilowapa watu wa pwani yetu.

Nikitaka kuona vitu vyenyewe niende wapi?

Baghdad kwanza, kwenye Makumbusho ya Iraki, yaliyoporwa Aprili 2003 na yaliyorudishiwa sehemu tu ya vitu vyake. London na Paris zina vingi. Lango la Ishtar liko Berlin, lakini jumba lake limefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023. Nimrud, mji wa kale wa Ashuru, usitarajie mengi. Ulilipuliwa mwaka 2015.

Ndugu zetu walioko Oman wana njia fupi zaidi. Nchi ya Magan inayotajwa kwenye vigae ndiyo Oman, na Dilmun ni Bahrain, na shaba ilipita humo kwenda Uru. Mfalme Sargoni wa Akadi alijisifu kwamba majahazi ya Magan yalifunga gati mjini kwake. Ukifika Ras al-Jinz, mbele kidogo ya Sur, ambako wengi huenda kutazama kasa wakitaga, jua kwamba hapo walichimbua vipande vya lami ya chombo cha zaidi ya miaka 4,000. Upande mmoja una alama za matete na kamba. Upande wa pili bado umegandamana na viumbe wadogo wa baharini wenye gamba.